Rangi Tuliyoiuza

Juma hili tumeuweka kando mfululizo wetu wa adabu za nyumba, tuwasimulie safari moja ambayo tungali tunaifikiri.

Tuliitwa Nairobi na mpwa wetu kwa shauri la familia. Huyu ni binti wa dada yetu marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye anakaa Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, tangu alipoolewa huko. Shauri lilimhusu binti yake, msichana aliyemaliza kidato cha nne akapata nafasi ya kujifunza ufinyanzi. Ami zake walikuwa wamekataa. Walisema udongo ni kazi ya wasiosoma, vyombo vya mapambo ni israfu, na mmoja wao akaitia ndani habari ya masanamu. Mpwa wetu akawajibu, basi na aje mjomba, yeye ni mtu wa elimu, atakalolisema tutalifuata. Tukafunga safari sisi na mama watoto. Na tuseme kweli, jibu tulikuwa nalo tayari mfukoni, nalo lilikuwa la kukataa kwa upole.

Msomaji wa Pwani aijuaye Kibera kwa kusikia tu huenda asijue kuwa Uislamu upo pale tangu mtaa ulipoanza. Waliokaa mwanzo ni Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati pote pale palipokuwa miti mitupu. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Leo msitu ni mabati. Tulishuka Olympic, tukateremka kwa miguu hadi Kianda, tukipita kuta za udongo mwekundu zilizokandikwa kwa mikono, na akina mama waliojipanga kwenye bomba na mitungi yao. Neno hilo lilitusimamisha kidogo. Kule mtungi ni dumu la plastiki la manjano. Sisi tulikua tukijua mtungi ni chombo cha udongo kitokacho jasho, na ni jasho hilo hilo lililokuwa likiyapoza maji.

Mpwa wetu alitupokea kwa chai katika vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Mama watoto akamtania, vipi mtu wa kazi ya vyombo anatupa chai ndani ya bati? Akacheka, "Mfinyanzi hulia gaeni, shangazi. Hamjui?"

Kazi yake ameijulia Karen, si mbali sana na Kibera, kwenye karakana ya shanga iitwayo Kazuri. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na Bi Susan Wood, kwa wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, ikakua hata ikaajiri mamia, na wengi wao ni kina mama wa namna hiyo hiyo. Shanga hufinyangwa mojamoja kwa mkono, huanikwa, huchomwa, hupakwa rangi, kisha huchomwa tena. Mpwa wetu alikaa katika kazi ya shanga miaka kadhaa, na sasa hufanya zake mwenyewe pamoja na wenzake wachache walio na tanuri dogo.

Baada ya chai akatoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vibao vya udongo, kila kimoja kama upana wa vidole viwili, vimefungwa pachapacha kwa uzi. Akavifungua vitatu, akaficha ndugu zake chini ya leso, akavipanga kizingitini penye mwanga, kwa kuwa chumba hakina dirisha.

"Mjomba," akasema, "kabla hujatoa neno lako, nichagulie. Ipi itakuwa buluu?"

Tukaangalia. Kimoja kilikuwa na vumbi la kijani kilichofifia, chenye kuelekea samawati. Cha pili kilikuwa chekundu kama tofali lililosagwa. Cha tatu kilikuwa cha kijivu chenye dalili ya zambarau, kama majivu yaliyomwagikiwa na maji ya tunda hilo. Vyote havikung'aa, vilionekana kama chokaa. Tukanyoosha kidole kwenye cha kwanza bila kusita, sisi watu wa elimu.

Akaondoa leso. Kijani kilichofifia kilikuwa kijani kweli, tena cha kukolea, kama mchicha katika dakika yake ya kwanza sufuriani. Kile chekundu kilitoka na rangi ya halua kabla haijashika. Na buluu ilitoka kwenye majivu.

Tulikishika kile kibao cha buluu muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Mpwa wetu alikuwa amekikwaruza kwa ukucha kabla ya kukipaka, na ndani ya mfereji ule mdogo rangi ilikuwa imetuama kama maji yatuamavyo shimoni, nzito, karibu nyeusi. Pale penye uwanda ilikuwa ni bandari ya Mombasa saa moja kabla ya Magharibi. Kwenye ukingo ilikuwa imekimbia, ikawa nyembamba mno, hata udongo ukachungulia chini yake kwa wekundu. Rangi moja, mkono mmoja, mpako mmoja, na ilikuwa na hali tatu. Tulipokiinamisha, mwanga wa mlangoni uliteleza juu yake, ukaonekana kuingia ndani na kutoka.

Bila shaka msomaji anauliza ni nini hicho kipakwacho. Wafanyakazi hukiita glezi, na maana yake ni kioo. Ni mawe ya kioo yaliyosagwa, yakachanganywa na kitu cha kuyayeyusha na udongo kidogo wa kuyashikisha, yakakorogwa na maji. Chombo huchovywa au hupakwa, kisha huingia tanurini kwenye joto la zaidi ya digrii 1,000, na kule vumbi huyeyuka, likakivika chombo kioo. Rangi hutokana na madini: shaba hutoa kijani, na kwa mchanganyiko mwingine hutoa feruzi, chuma hutoa rangi ya asali na kahawia, manganizi hutoa rangi inayokaribia weusi, kobalti hutoa buluu. Wala mfinyanzi haioni rangi anapopaka. Anapaka majivu akiamini buluu. Shanga nazo hutungwa kwenye nyaya zinazostahimili moto ili zisigusane, kwani kioo kilichoyeyuka hukamata chochote kilicho jirani. Mpwa wetu anazo mbili zilizoshikana hivyo. Anaziita mapacha, na ameapa haziuzi.

Malkia wa Sabaa alipoingizwa katika jumba la Nabii Suleiman, alayhi salaam, aliidhani sakafu ni maji, akapandisha nguo yake, kumbe ni kioo. Kisa hiki tumekisomesha tangu ujana wetu, na siku zote tulikisoma kama habari ya mtu aliyedanganyika. Pale kizingitini Kianda, macho yetu yakiwa ndani ya kibao cha vidole viwili, tuliona kwamba hakukuwa na upumbavu wowote katika kuinua ile nguo.

Kisha ikatujia aya nyingine, nayo ilitutia haya. Katika sura ya Fatir, Mwenyezi Mungu ametaja matunda ya rangi mbalimbali, akataja milima yenye njia nyeupe na nyekundu na nyeusi sana, akataja watu na wanyama kwa rangi zao, na papo hapo, bila kuhama, akawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao. Tumeifasiri aya hii darasani mara zisizohesabika. Kila mara tulikimbilia neno ulamaa, kwa kuwa linatuhusu, tukazipita rangi kama mtu apitaye ukumbini akiwahi chakula. Ile njia nyekundu mlimani ni chuma. Nyeusi huweza kuwa manganizi. Yote yalikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, na aliyekuwa akitueleza ni mwanamke ambaye ami za bintiye wanasema kazi yake ni ya wasiosoma.

Tulikuwa tayari kulitoa neno letu hapo hapo. Lakini mpwa wetu alikuwa na swali.

"Mjomba, ile sahani ya buluu ya bibi, iliyokuwa dakani, iko wapi siku hizi? Ndiyo iliyonitia mimi katika kazi hii. Nilikuwa nikilala ndani na bibi, nikiamka naitazama."

Wasomaji wetu wa makamo watalikumbuka daka, yale matundu ya ukutani katika nyumba zetu za zamani, na zidaka za Lamu zilizopangwa safu kwa safu kwenye chumba cha ndani, makao ya kina mama. Ndimo walimoweka vyombo vya kauri. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipozililia nyumba za Pate katika Al-Inkishafi, hakuacha kuyataja madaka ya sahani. Mama yetu alikuwa na daka moja na sahani moja. Ilikuwa nyeupe kwa buluu, pana kiasi cha kuenea wali wa watu wawili, lakini wali haukuwahi kuwekwa. Mara chache iliteremshwa ili babu aiandikie kombe kwa zafarani, ioshwe kwa maji ya marashi, mgonjwa anywe. Hukumu ya kombe wanavyuoni wameizungumza sana na hatuifungui hapa. Tunachokikumbuka ni wino wa zafarani ukikaa juu ya ule weupe bila kunywewa, na ukiondoka wote kwa maji. Sahani ya udongo mtupu ingeufyonza.

Sahani ile tuliiuza. Ilikuwa mwaka 1994, miezi michache baada ya mama kufariki. Alipita mtu mlangoni anayenunua vitu vya kale, na sisi tulihitaji fedha. Tulimpa kwa shilingi 1,200. Jambo tunalolikumbuka zaidi ni kwamba, kabla ya kutaja bei, aliigeuza akautazama mgongo wake kwa utulivu. Sisi hatukuwahi kuigeuza maisha yetu yote.

Fedha zile hatukumgawia dada yetu hata senti. Tulijiambia ni sahani tu. Na wakati huo, wasomaji wetu, tulikuwa tukiwasomesha vijana mirathi. Tulijua kwa vidole kwamba mama akiacha mtoto wa kiume na wa kike, theluthi ni ya binti, iwe shamba au iwe sindano. Dada alifariki asiitaje. Hatujui kama alisahau au alitusitiri.

Tulimwambia mpwa wetu yote hayo, mbele ya mama watoto, ambaye naye alikuwa hajui. Kimya kilichofuata hatukielezi. Mwishowe mpwa wetu aliinua kile kibao cha buluu, akakifunga na pacha wake, akakirudisha mkebeni. Akasema, "Nilidhani mmeihifadhi."

Usiku ule tulilala kwake na hatukupata usingizi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kuchukua kitu cha mwenziwe pasipo haki, kitu kisicho na mfano wake sokoni, kisha kikatoweka, hulipa thamani yake ya juu kabisa tangu siku alipokitwaa hadi siku kilipopotea. Theluthi ya 1,200 ni mia nne. Lakini mia nne ni bei aliyoitaja mnunuzi, si thamani. Thamani tungeijuaje, ilhali hata kukitazama kitu hatukukitazama?

Tuliporudi Mombasa, kwa ajili hiyo tuliingia Fort Jesus. Tumeipita ngome ile miaka yote, tukielekea Mji wa Kale, tukawaachia watalii na wanafunzi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ndani yake kuna jumba la makumbusho lenye kabati za vioo, zimejaa vyombo vilivyochimbuliwa katika miji yetu iliyohamwa na vilivyoopolewa baharini, vikiwemo vya meli ya Kireno iliyozama chini ya kuta hizo hizo mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Tulikwenda tukitafuta sahani inayofanana na ya mama ili tujue ina uzito gani. Makumbusho haiandiki bei. Imetubidi kutazama.

Kwanza tulitazama vibaya, kama mtu atafutaye kiatu chake msikitini. Kisha tukakumbuka alivyotufundisha mpwa wetu, kwamba tazama ukingo, tazama mtuamo, kisha jisogeze hatua moja uone mwanga unakwenda wapi. Vyombo vya kijani vya Wachina ndivyo vilivyotushika mwanzo. Kijani chake si cha majani. Ni cha maji ya kina kifupi juu ya mchanga, bahari inapotoka, au cha maji ya dafu ukiyatazama ndani ya kifuu chake. Rangi hiyo ni chuma, chuma kile kile kilichotoa rangi ya halua Kianda, ila kimetiwa kidogo na moto ukanyimwa hewa. Tukasimama hapo tukiwaza jinsi kitu kimoja kilivyo na majibu mawili, kwa kuulizwa na mioto miwili.

Na weupe kwa buluu. Hapa tuna habari ambayo tungependa kila mama anayepanga vyombo vyake aijue. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra waliviona vyombo vyeupe vya Uchina, na wao hawakuwa na udongo mweupe kama ule. Wakatia madini ya bati katika kioo chao, kikawa cheupe kisichopenya macho, kikauficha udongo wa chini. Juu ya weupe huo wakachora kwa kobalti. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 14, kobalti ya Uajemi, iliyochimbwa karibu na mji wa Kashan, ikapelekwa Uchina, na Wachina wakaichorea vyombo vile vilivyokuja kuwa maarufu dunia nzima. Halafu vyombo hivyo vikapakiwa majahazini vikaletwa huku. Basi ile buluu iliyokuwa dakani kwa mama, hata ingekuwa imechorwa wapi, ukoo wake umepita kwa Waislamu kabla ya kufika kwetu.

Wazee wetu walijua. Hawakuviacha vyombo hivyo vyumbani peke yake. Kule Gedi walivipachika penye kibla cha msikiti mkuu. Mambrui na Kunduchi walivipachika kwenye nguzo za makaburi. Na ukitazama leo, pengi utakuta shimo la duara lililo tupu, chokaa imebaki na alama ya bakuli lililobanduliwa. Tumewahi kuwalaani kwa sauti waliobandua.

Lugha yenyewe ilikuwa ikituambia. Kauri ni ile simbi ya baharini na kauri ni chombo cha Uchina, kwa sababu ya mng'ao ule ule. Na sinia, ambayo hakuna harusi isiyoibeba, ni neno la Kiarabu lililotoka katika jina la Uchina.

Neno dogo kwa wenye vyombo vya kale nyumbani: vingi vya zamani vina risasi katika kioo chake, na ndimu, ukwaju na achari huitoa. Viwekeni kwa ajili ya macho, msivitilie chakula.

Sahani ya mama hatukuiona. Tuliona moja iliyokaribia, yenye mchoro wa buluu uliovuja kidogo nje ya mstari wake, kama wino kwenye karatasi ya maji, na tulipouona ule uvujaji tukakumbuka kwamba ya mama nayo ilivuja hivyo hivyo upande mmoja, karibu na ukingo. Miaka 30 hatukujua kuwa tunakumbuka. Tukainama tuone mgongo wake. Imelazwa kifudifudi cha kabati, mgongo hauonekani.

Hesabu tuliikamilisha kwa simu. Mpwa wetu na ndugu yake wa kiume, aliyeko Muscat, ndio warithi wa dada. Tuliwaambia thamani hatuijui na hatutaijua, na kwamba tunaomba sulhu. Ndugu yule alinyamaza, kisha akasema ameridhika kwa lolote atakaloridhika dada yake. Mpwa wetu akasema anataka ada za binti zilipwe hadi amalize, na tuwaandikie ami zake barua kwa mkono wetu. Tukakubali yote mawili. Barua haikuwa ndefu. Tuliwaeleza kuwa katazo la vyombo limekuja katika dhahabu na fedha, si katika udongo, na kwamba msichana anaweza kuishi na udongo umri wake wote asifanye sanamu hata moja. Juu ya israfu tuliandika kwamba sisi tuliwahi kuokoa sahani isiwe israfu, kwa shilingi 1,200, na tukawasimulia. Mmoja amejibu kwa wema. Wengine bado.

Mwezi uliopita msichana alituletea bakuli kwa mkono wa msafiri, limefungwa katika gazeti na leso kuukuu. Ni la kwanza kutoka salama tanurini. Alikusudia buluu. Moto haukumpa; limetoka la kijivu kwenye tumbo, na buluu imejikusanya yote chini ndani, kama maji yaliyobaki kisimani wakati wa kiangazi. Kwenye kikaratasi ameandika, "Babu, usilitazame sana, la pili litakuwa zuri." Mama watoto alitaka alitilie iliki. Tumemwomba asubiri, na kwa sasa limo dakani. Jambo la kwanza tulilofanya tulipolifungua ni kuligeuza. Mgongoni hakupaka kitu. Udongo mtupu, mwekundu, na alama ya kidole gumba chake.